Muswada wa adhabu ukifika Bungeni: namna Wakristo wa Moshi na Arusha wanavyoweza kupeleka maoni Dodoma

Muswada unaobadili adhabu za jinai hauwasubiri Wakristo wamalize kongamano. Ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye kamati, kamati inaita wadau, na siku zilizopo kati ya tangazo na kikao huwa chache mno. Kikundi kinachoanza kujipanga baada ya tangazo hufika kimechelewa au hakifiki kabisa. Muswada ukija kwa hati ya dharura, yaani kwa utaratibu wa kuharakishwa, mambo hubanwa zaidi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya sasa, hata kama hakuna muswada wowote mezani.

Kazi yenyewe haikosekani. Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023. Marekebisho ya sheria za jinai huja kipande kipande, mara nyingi yamefichwa ndani ya muswada wa "Marekebisho ya Sheria Mbalimbali". Kwa jina hilo huwezi kujua kama ndani yake kuna mtu anayeongezewa miaka ya jela. Lazima uufungue.

Hatua ya kwanza: kaeni wachache, na mjue mnasema kwa jina la nani

Msianze na mkutano mkubwa. Tafuteni watu wasiozidi meza moja: mmoja anayekwenda gerezani kwa huduma ya neno, mmoja aliyewahi kuibiwa au kuumizwa, mwalimu au mstaafu anayeandika Kiswahili kilichonyooka, msaidizi wa kisheria wa kata kama yupo, na ikiwezekana mtu aliyewahi kufungwa akarudi. Huyo wa mwisho wengi humkwepa. Msimkwepe, kwa kuwa ndiye pekee kati yenu atakayejua tofauti ya miaka mitatu na miaka mitano ukiwa ndani.

Kisha lipo suala la jina, nalo limevuruga vikundi vizuri. Waraka ukiandikwa "Kanisa linasema," kwa Walutheri unagusa ofisi ya askofu wa dayosisi, iwe Kaskazini kwa watu wa Moshi au Kaskazini Kati kwa watu wa Arusha. Kwa Wakatoliki unagusa jimbo na tume yake ya haki na amani. Baraka zao zikipatikana ni jambo kubwa, ila zinachukua muda. Ushauri wangu ni kwamba andikeni kama raia Wakristo wa mahali fulani, mkaweka majina yenu, huku mchungaji au paroko akijua mnachofanya. Ibara ya 21(2) ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa. Hiyo inatosha kuwa mlango. Nakala mpelekeeni askofu. Akipenda kuandika barua ya kuunga mkono, atajua ninyi mmeshafanya kazi ya chini.

Hatua ya pili: pateni maandishi yenyewe

Msijenge hoja juu ya sauti iliyozunguka WhatsApp. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na hupatikana katika tovuti ya Bunge. Ukiupata, anza nyuma, kwenye "Madhumuni na Sababu". Hapo serikali inaeleza kwa lugha ya kawaida kila sehemu inakusudia nini. Ukirudi mbele utakuta maneno kama "kifungu kinarekebishwa kwa kufuta maneno fulani na badala yake kuweka maneno haya," na peke yake hayaeleweki. Lazima sheria mama, yaani ile inayorekebishwa, iwe wazi pembeni yako.

Kwa masuala ya adhabu, zilizo muhimu kuwa nazo kwenye faili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu, Sura ya 90, ambayo ipo tangu 1972. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Na Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, inayohusu mfungwa kuachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo. Angalia toleo. Sheria zetu zimetolewa upya katika Toleo la Marekebisho la 2023, na namba za vifungu zinaweza kutofautiana na zile ulizozizoea kwenye vitabu vya zamani. Mtu akisimama mbele ya kamati akataja kifungu cha toleo la zamani, watu wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wataliona kosa kabla hajamaliza sentensi, na yote yanayofuata yatasikilizwa nusu sikio.

Hatua ya tatu: tambueni ni aina gani ya adhabu inayoguswa

Hapa ndipo hoja za kanisani hupotea. Tunasema "adhabu ni kali" au "adhabu ni ndogo" kana kwamba sheria ina kipimo kimoja. Inavyo kadhaa.

Kuna ukomo wa juu: hakimu anaambiwa asizidishe. Kuna kima cha chini: anaambiwa asipunguze. Kuna adhabu ya lazima: anaambiwa ni hii tu, hata kama moyo wake na ushahidi wote vinamwambia vingine. Halafu kuna adhabu mbadala: faini, fidia, kuachiwa kwa masharti, uangalizi, huduma kwa jamii, yale mambo ambayo mtaani yote yanaitwa kifungo cha nje.

Mfano wa kima cha chini ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakimu hawezi kutoa chini ya miaka 30. Kijana aliyetikisa panga usiku akachukua simu na jambazi mzoefu mwenye bunduki wote wanaanzia hapo. Ubakaji nao unaanzia miaka 30, na sidhani kama kuna usharika utakaosimama kudai ipunguzwe. Sitarajii, na mimi mwenyewe sitaki.

Mfano unaotugusa zaidi huku Kaskazini ni nyara za serikali, yaani wanyamapori na sehemu zao kama nyama, ngozi au meno. Sisi tumezungukwa na hifadhi: Kilimanjaro, Arusha, Mkomazi, Tarangire, na maeneo ya wanyamapori katikati yake. Mtu akikutwa na nyama ya swala, shauri linaweza kwenda chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na watu wamekuwa wakihukumiwa miaka 20 kwa nyama iliyotosha sufuria. Huku Monduli au Simanjiro huwezi kukosa familia inayoijua hadithi hiyo. Sheria ile ilikazwa wakati tembo wakiuawa kwa ajili ya meno, na kukazwa kwake kulikuwa na sababu. Swali ambalo Mkristo anaweza kuliuliza bila kumdharau tembo ni kama anayeua tembo kwa biashara na anayetega swala kwa njaa wanastahili kuanzia mstari mmoja.

Musa aliweka ukomo wa fimbo 40, isizidi hata moja, ili ndugu yako asionekane duni machoni pako. Ipo katika Kumbukumbu la Torati 25. Ni moja ya sehemu chache za Maandiko zinazoongea kuhusu kipimo cha adhabu moja kwa moja, na nashangaa haihubiriwi.

Hatua ya nne: wasikilizeni walioumizwa kabla ya kuandika neno lolote

Ningeambiwa nibakishe hatua moja tu, ningebakisha hii. Wakristo tukisikia gereza, akili inakwenda kwa mfungwa moja kwa moja, kwa sababu Mathayo 25 imetulea hivyo. Aliyevunjiwa nyumba yupo kwenye benchi la tatu anakuangalia. Akisikia unatetea wezi Dodoma kwa jina lake, umempoteza yeye na nusu ya usharika.

Mtembeleeni nyumbani, msimwite ofisini. Muulizeni mambo manne tu na mwacheni aongee: nini kilitokea, nani alikuja kukusaidia, kesi iliishaje, na ulitaka iishe vipi. Usimwambie unachokitaka wewe.

Majibu hayafanani. Mwenye mtoto aliyedhalilishwa atataka mtu yule asirudi kijijini kamwe, na anayo haki ya kutaka hivyo. Lakini nenda Machame au Marangu kwa mama aliyeibiwa ng'ombe wa maziwa bandani, yule ng'ombe anayelipa ada. Wizi wa mifugo upo kwenye sheria ya kima cha chini, kwa hiyo mwizi atafungwa. Mama atabaki na hukumu, ng'ombe hana. Kutoka 22 inamtaka mwizi wa ng'ombe alipe, tena zaidi ya alichochukua. Zakayo alijitolea kulipa mara nne. Na Katiba yetu haiko mbali na hapo: Ibara ya 107A(2)(c) inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine. Hakimu anayo mamlaka ya kuamuru fidia hata leo. Ulizeni huko mnakotembelea, ni wangapi waliwahi kuambiwa kwamba wangeweza kuiomba?

Mkishasikiliza watu wa kutosha mtagundua kuwa hoja yenu imebadilika. Mlianza na kufungua milango ya jela, mnamalizia na kumlipa aliyeibiwa. Hiyo ni hoja ambayo mbunge yeyote anaweza kuisimamia jimboni kwake bila kuogopa.

Majina ya wahanga hayaandikwi popote, hasa watoto. Andika "mama mmoja wa Kibosho". Na ukiona hata hilo linamtambulisha, andika "mkazi wa Moshi Vijijini".

Hatua ya tano: mahakamani na gerezani

Mahakama ni wazi kwa wananchi. Kaeni siku kadhaa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, au katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki pale Arusha, kimya, simu zimezimwa, na kalamu. Andika aina ya kosa, adhabu iliyotolewa, kama fidia iliagizwa, kama mshtakiwa alikuwa na wakili, na alisema nini alipoulizwa kwa nini asipewe adhabu kali. Wengi husema "naomba mahakama inihurumie" halafu wanakaa. Hawajui kuwa huo ndio muda wa kusema wana watoto, wamekiri mapema, wako tayari kulipa. Hukumu za mahakama za juu zinasomwa bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Makumira anaweza kuwasaidia kuzitafuta kwa siku moja.

Gerezani, iwe Karanga au Kisongo, mnaingia kwa kibali na kwa ratiba ya huduma ya kiroho. Mkienda kwa ajili ya ibada, fanyeni ibada. Msigeuze sala kuwa utafiti, maana mkigundulika mtafunga mlango uliojengwa na wachungaji kwa miaka. Mkitaka taarifa, andikeni barua ya kuziomba kwa njia yake.

Mtu wa kumtafuta ambaye watu humsahau ni afisa wa huduma za uangalizi, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya Huduma kwa Jamii inaruhusu mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu atumikie nje kwa kazi ya umma badala ya kulala jela. Muulize: wanapelekwa wapi, nani anawasimamia, mahakimu wanaitumia mara ngapi, na kinachokwamisha ni nini. Majibu yake yatakuwa na uzito kuliko aya yoyote ya Biblia mtakayoiweka kwenye waraka.

Hatua ya sita: mkifika kwenye adhabu ya kifo

Mtafika tu. Na mtagawanyika. Wapo watakaosoma Mwanzo 9:6 na Warumi 13 na kusema upanga ni wa serikali. Wakatoliki watakumbusha kuwa Papa Fransisko alibadili Katekisimu mwaka 2018, namba 2267, ikasema adhabu hiyo haikubaliki. Msijaribu kulimaliza hilo kwenye kamati yenu.

Tenganisheni mambo mawili: kifo, na ulazima wa kifo. Kwa Kanuni ya Adhabu, aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia hukumu yake ni kunyongwa, jaji hana la kuchagua, ukiacha wajawazito na waliokuwa chini ya miaka 18. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Nchini hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990. Waliohukumiwa wanakaa wakisubiri. Sasa, hata mzee anayeamini kabisa katika kunyongwa anaweza kukubali kwamba jaji aliyesikia ushahidi wote aruhusiwe kupima. Pale mnaweza kusimama pamoja, na pendekezo lenu likawa la sentensi moja.

Hatua ya saba: waraka

Kurasa tatu, nne zikizidi. Unaelekezwa kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, kwa ajili ya kamati inayoshughulikia muswada huo, na kichwa chake kinataja jina kamili la muswada na mwaka. Aya ya kwanza: ninyi ni nani, mmefanya nini kabla ya kuandika. Kuanzia hapo ni ibara kwa ibara, kila moja ikiwa na vitu vinne: namba, maneno ya muswada, maneno mnayopendekeza, sababu. Kwa mfano wa kubuni tu:

*Ibara ya 4. Muswada unasema: "atatumikia kifungo kisichopungua miaka kumi." Tunapendekeza: "atatumikia kifungo kisichozidi miaka kumi, na mahakama itazingatia kwanza amri ya fidia kwa aliyeathirika." Sababu: kima cha chini kinamfunga hakimu asiweze kutofautisha wizi wa mara ya kwanza na wa mazoea, waathirika tuliozungumza nao katika kata mbili walitaka kulipwa, Ibara ya 107A(2)(c) ya Katiba inaelekeza fidia.*

Mnaona hakuna "tunalaani" wala "kwa masikitiko makubwa". Waandishi wa sheria wanahitaji maneno ya kuingiza mahali fulani. Ukiwapa maneno hayo tayari, umewapunguzia kazi. Ukiwapa masikitiko, watayaweka kwenye kabati.

Biblia iwekeni, lakini mara moja au mbili, mahali inapobeba hoja. Wajumbe wengine wa kamati ni Waislamu, na hakuna ubaya wowote mkitafuta jirani zenu wa msikitini waandike wao pia. Suna ya fidia na suluhu wanayo. Kama ibara fulani ya muswada ni nzuri, semeni muiunge mkono. Waraka unaopinga kila kitu husomwa kama wa upinzani.

Hapo ndipo mwanasheria anapoingia: mpeni rasimu aikague, asiandike upya. Wakiandika wao inakuwa waraka wao, na mjumbe wenu akiulizwa swali atababaika.

Hatua ya nane: kuupeleka

Nakala ya kwanza kwa Katibu wa Bunge. Ya pili kwa mbunge wenu, mkononi, wakati yuko jimboni. Nendeni wawili au watatu, mmoja awe wa jinsia tofauti, mmoja awe mzee. "Mheshimiwa, tumekuja na ibara mbili tu" ni salamu nzuri kuliko hotuba. Mwombeni jambo moja: alete jedwali la marekebisho. Hiyo ndiyo karatasi anayopeleka mbunge anapotaka maneno ya muswada yabadilishwe kwenye Kamati ya Bunge Zima. Mchango wa mdomo ukumbini hupigiwa makofi na kuishia hapo, wakati jedwali likishawasilishwa lazima lijibiwe.

Mkiitwa kwenye kikao cha wadau, basi la Dodoma linapita Arusha, Babati, Kondoa. Fikeni jana yake. Mtapewa dakika chache. Mzungumzaji mmoja, ikiwezekana yule aliyeibiwa ng'ombe kama yuko tayari, na wa pili wa kujibu maswali ya vifungu. Mkiulizwa msichokijua, semeni mtaleta maandishi, na myalete kesho yake.

Mambo ya kukaa nayo mbali

Kesi iliyo mahakamani msiizungumzie, hata kama ni ya muumini wenu. Msimwalike mgombea kwenye kikao chenu. Mkutano wa ndani ya kanisa ni wa kawaida, ila mkitaka wa hadhara nje, Polisi wapewe taarifa saa 48 kabla. Na barua moja iliyotolewa nakala mia mbili ikasainiwa na watu mia mbili inahesabiwa kama barua moja. Afadhali kumi zilizoandikwa kwa mkono, kila mtu na lake.

Muswada ukishapita

Someni Taarifa Rasmi za majadiliano mwone nini kilisemwa kuhusu ibara yenu, na nani alisema. Muswada ukisainiwa na Rais, Waziri huwa na kanuni za kutunga, na huko ndiko yanakopangwa mambo ya utekelezaji kama nani atasimamia huduma kwa jamii na fomu gani itajazwa. Andikeni tena, safari hii wizarani. Ibara yenu ikikataliwa, waraka ule ule ukibadilishwa kichwa unafaa kwa Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo kazi yake ni kupitia sheria hata pasipo na muswada. Wekeni nakala zote kwenye ofisi ya usharika, siyo nyumbani kwa katibu, kwa sababu makatibu huhama.